Unga wa Kuona Mtoto

Unga wa wimbi ukikaa sana kwenye chombo cha plastiki huacha harufu isiyotoka. Unaweza kukiosha chombo hicho kwa sabuni ya kipande, ukakianika juani wiki nzima, na bado ukikiinamia utaisikia: harufu ya vumbi tamu, yenye uchachu kwa mbali. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda cha mama, siku ya nne baada ya kumzika, nikivuta vitu kutoka uvunguni kimoja baada ya kingine. Viatu, mfuko wa vitambaa, sanduku la bati. Kisha mkono wangu ukagusa beseni la plastiki la njano, lililopasuka ukingoni na kuzibwa kwa kisu cha moto, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Nililivuta, nikanusa, nikaketi sakafuni nikalia kilio ambacho kaburini kilikataa kutoka.

Halikuwa beseni letu. Lilikaa nyumbani kwetu miaka yote hiyo bila kuwa letu.

Tuliishi si mbali na soko la Khayega, katika boma la nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Kukhu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sukari upande wa Butali, kazi ya kupaka mashine grisi. Alikuja Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni, nguo zake zikinuka molasi hata baada ya kufuliwa. Mama alikuwa ameolewa kutoka Lugari, kwenye mashamba ya mahindi ambako watu wa kila aina walichanganyika na kusikilizana kwa Kiswahili, na ndicho alichonilea nacho. Majirani walisema anaringa, ameshindwa kujifunza lugha ya watu. Hakuwa ameshindwa. Aliijua vizuri, ila kwa lafudhi iliyowachekesha, na mama yangu hakupenda kuchekwa. Hilo nimelirithi kwake.

Nilikuwa mtoto wa pekee. Wasomaji wa rika langu waliokulia sehemu zile hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Nyumba za jirani zilikuwa na watoto saba, wanane. Walilala wanne kitanda kimoja, walipigana, waligawana kiazi kimoja na kisha wakapigania maganda. Mimi nilikuwa na kitanda kipana, kijiko changu na kikombe changu, na hakuna aliyewahi kuninyang'anya kitu. Watu wazima waliniita mtoto mwenye bahati. Mimi nilikuwa nikiwaonea wivu hata watoto wenye chawa, kwa sababu walikuwa na wa kuambukizana naye.

Nilipomuuliza Kukhu watoto hutoka wapi, alinijibu kama tulivyojibiwa sote wakati ule: watoto hutoka hospitali. Mama huenda, akachagua, akapewa. Nikamuuliza kwa nini mama haendi kunichagulia mmoja. Kukhu aligeuza uso akaangalia migomba.

"Muulize yeye," alisema. "Hata mimi nangojanga tu."

Maziwa niliyaona mara ya kwanza katika bafu letu la mabati nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimetumwa kupeleka maji, na sikubisha hodi kwa sababu bafu halikuwa na mlango, ni gunia tu. Mama alikuwa amesimama, blauzi wazi, akijikamua. Matone meupe yalikuwa yakidondoka juu ya jiwe la kuogea. Aliponiona alijifunika haraka, akanishika bega.

"Hii usiambie mtu," alisema. "Ni ya hapa nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilitoka pale nikiruka kwa furaha. Dalili ya mvua ni mawingu, nami mawingu nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Mama Ambani, jirani yetu aliyezaa karibu kila mwaka, alikuwa na madoa kama yale kwenye blauzi kila alipopata mtoto. Sasa mambo mengi niliyokuwa sielewi yakaeleweka. Mama alikuwa amenenepa, akivaa sweta kubwa hata jua likiwaka. Alikuwa ameacha kwenda kanisani kwa sababu ya kuumwa kichwa. Alikifunga leso kwa nguvu mpaka ikaacha alama kwenye paji la uso. Tena alikuwa akienda hospitali mjini mara kwa mara na kurudi na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. Mimi niliamua kwamba anaenda kumwangalia mtoto, kama mtu anayekwenda kwa fundi kuangalia kama nguo yake imekwisha kushonwa. Kila aliporudi nilichungulia kikapu chake.

Nilianza kulala ukingoni mwa kitanda changu, nikiacha nafasi.

Siri ilinikaa tumboni karibu mwezi mzima, na naomba niaminiwe kwamba sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu. Ilikuwa Jumapili, zamu ya watoto kusimama mbele ya kanisa, na mwalimu wetu wa Sunday school alitaka kila mtoto aseme jambo moja la kushukuru. Mmoja alishukuru kwa kuponywa matumbwitumbwi. Mwingine alishukuru kwa sababu ng'ombe wao alizaa ndama jike. Zamu yangu ilipofika nilijiambia kwamba Mungu si mtu, na mama alikuwa amenikataza kuambia watu tu.

"Bwana asifiwe," nilisema. "Nashukuru kwa sababu mama yangu ako na maziwa, na mtoto wetu ako hospitali, anakuja."

Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena maishani, wala siku ya harusi yangu. Mama Jesca, kiongozi wa kina mama, mwanamke mnene mwenye sauti iliyoweza kuamsha boma zima, alitoka kwenye benchi akanibeba juu mbele ya watu wote. Kwa miaka walikuwa wakimwombea mama yangu kimyakimya. Sasa mimi ndiye niliyeleta habari. Nilishushwa chini nikiwa mtu mwingine, na wasichana wawili ambao hawakuwahi kunialika kwenye mchezo wao walinishika mikono mpaka njia panda.

Mama sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Kwetu mwanamke akijifungua, wenzake huenda kumwona mtoto, na hawaendi mikono mitupu. Huenda na unga wa wimbi kwa ajili ya uji, sukari, kuni, na anayeweza huenda na kuku. Walikuja Alhamisi, wakidhani mtoto amekwisha kuletwa nyumbani. Kukhu hakuwepo, alikuwa Khwisero kwa binti yake tangu wiki iliyotangulia. Mama alikuwa ameketi nje ya jikoni akimenya viazi vitamu, na kwa sababu kulikuwa na joto alikuwa amevua sweta. Wimbo ulisikika kutoka upande wa kijito. Mama aliinua kichwa akatabasamu.

"Leo wanaenda kwa Mama Ambani tena," alisema. "Huyo mama atamaliza unga ya watu."

Mimi nilikuwa ndani navaa gauni la Jumapili. Nilikuwa nimefagia nyumba yote na kutandika kitanda changu, nikaweka mto mdogo upande ule wa nafasi. Nilipotoka mlangoni, wimbo ulikuwa umekwisha kuingia bomani. Walikuwa kumi na zaidi, mabeseni vichwani, mmoja amemkumbatia kuku wa kienyeji kwapani.

"Mulembe, mama mtoto!" alisema Mama Jesca, beseni la njano likiwa bado kichwani.

"Mulembe," mama alijibu, akisimama. "Karibuni. Mtoto gani tena?"

"Wacha kutucheza. Mficha uchi hazai, na wewe umezaa. Sasa unaficha nini? Tuletee mtoto tumuone."

Walicheka wote, na mama naye akacheka nusu, akidhani ni utani ambao hajaufikia.

"Mimi sijazaa."

Mama Jesca alishusha beseni taratibu. Macho yake yalikuwa yameshuka kifuani mwa mama, na ya wengine yakafuata. Kwenye blauzi ya kijivu kulikuwa na madoa mawili ya maji, na yalikuwa yakipanuka tukiyaangalia.

"Na hii ni nini?" aliuliza, bila ukali.

Mama alijifunika kwa mikono yake yenye udongo wa viazi. "Ni ugonjwa."

"Ugonjwa ya maziwa?" alisema mmoja kutoka nyuma. "Hiyo haijawahi kuwanga."

"Mtoto wako mwenyewe ndiye alisema kanisani," alisema Mama Jesca. "Alisema uko na maziwa na mtoto ako hospitali. Sisi hatukujitungia."

Ndipo wote waliponigeukia, nikiwa nimesimama mlangoni na gauni langu la Jumapili. Mama naye aligeuka. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaliangalia gauni. Hakunikaripia. Ningetoa chochote anikaripie, hata anichape mbele yao, lakini aliingia jikoni akaweka sufuria kubwa ya chai motoni kwa sababu wageni ni wageni. Waliinywa wamesimama. Kuku aliyekuwa kwapani ndiye peke yake aliyekuwa akitoa sauti.

Unga ulioletwa kwa ajili ya mtoto haurudishwi nyumbani. Watu husema ni mkosi kwa mzazi na kwa aliyeuleta. Lakini hakuna aliyejua sheria inasemaje pale ambapo mtoto hayupo. Walinong'onezana langoni. Wengi wakabeba vya kwao wakaondoka navyo. Mama Jesca alirudi mpaka mlangoni akaliweka beseni la njano chini.

"Mimi sitarudi nayo," alimwambia mama. "Tumia unga. Beseni nitakuja kuchukua."

Hakuja.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Maziwa yameonekana, mtoto hajaonekana, na kila mtu alitafuta jibu lake. Kuna waliosema amemtupa. Kuna waliosema amempeleka Lugari kwa sababu baba yake si baba yangu. Nilizisikia habari hizo shuleni kutoka kwa watoto, na watoto hawajui kupunguza sauti. Wale wasichana wawili waliacha kunishika mikono. Kukhu alizikuta habari sokoni akirudi kutoka Khwisero, hata kabla hajafika nyumbani. Baba alipokuja Jumamosi, Kukhu hakungoja hata anawe mikono.

"Ambia bibi yako aseme mahali mtoto ameenda," alisema. "Mimi siwezi kupita njiani."

"Mama, ngoja kwanza," baba alisema. Kisha akamgeukia mama, na nakumbuka alivyoishika kofia yake kwa mikono miwili. "Kuna mtoto?"

"Mtoto wangu ni huyu mmoja," mama alisema.

Baba alimwamini, nadhani. Lakini alimwamini kimya, na imani ya kimya haimsaidii mtu mbele ya kijiji.

Mimi bado nilijua mtoto yupo. Nilichokuwa nimegundua ni kwamba hatakuja tena, na kosa ni langu. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisema mimba haitangazwi, huleta hasara. Nikaona kwamba mdomo wangu ndio uliomponza mdogo wangu na kumponza mama. Basi nikaamua kuufunga. Niliongea nilipoulizwa tu, na kwa kuwa nyumbani kwetu hakukuwa na wa kuniuliza, nilinyamaza kabisa.

Mama naye akaacha kuniangalia. Jikoni kwetu kulikuwa na vigoda vitatu kuzunguka mafiga, na changu kilikuwa upande wake wa kushoto, ukutani. Hapo ndipo nilipokaa kila siku kutoka shule mpaka chakula kiive. Zamani alikuwa akinigeukia kila mara, akinipa kiazi cha kuchoma, akiniuliza habari za darasani. Sasa aliuangalia moto mbele yake tu. Nikinyoosha mkono kuomba chumvi, mkono ulibaki hewani mpaka niurudishe. Siku moja niliweka kikombe changu cha chai chini kati yetu, akainuka akakikanyaga, akasema "Nani ameweka kikombe hapa?" kama mtu anayeuliza nyumba tupu. Akienda sokoni nilitembea kando yake, na kwenye kona aliniacha bila kugeuka.

Watu wengine pia hakuwaangalia. Mtu akimpungia mkono kutoka shambani, alipita. Kwetu kutojibu salamu ni jambo kubwa. Hata adui hujibiwa salamu kwanza. Kwa hiyo wakaongeza lingine juu ya yale ya kwanza: baada ya kitendo kile, sasa ana kiburi. Mimi sikusema ni kiburi. Nilijua ni hasira, na kwamba wengine wanaipata kwa ajili yangu.

Nilijaribu kulipa. Niliteka maji bila kutumwa. Niliosha sufuria mpaka zikang'aa chini. Wakati huo maziwa ya shule yalikuwa yakija kwa nadra, labda mara moja kwa muhula, yale ya pakiti zenye pembe tatu ambayo kila mtoto aliyanywa papo hapo kabla ya mkubwa wake kumpokonya. Siku yalipokuja, yangu sikuyanywa. Nilitembea nayo mpaka nyumbani nikiyafunika kwa sweta, nikayaweka kwenye kigoda kushoto kwa mama, karibu kabisa na mkono wake. Nikangoja. Alisonga ugali, akala, akaosha mikono, akatoka nje. Asubuhi pakiti ilikuwa palepale, imevimba. Nilienda kuimwaga nyuma ya bafu. Sidhani nimewahi kuwa mpweke kuliko asubuhi ile, na tangu hapo nimezika watu.

Mambo yaligeuka mchana mmoja wa manyunyu. Mama alikuwa na ungo mapajani akichambua maharagwe, na mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, nimekunja miguu. Nilikuwa nimekaa pale muda mrefu. Kisha akaanza kuongea. Hakuongea nami. Aliongea na moto.

"Hata huyu mmoja," alisema. "Hata huyu mmoja nilipewa, ameniacha. Anakujanga kula na kulala tu."

Nilifikiri anamsema mtu mwingine. Nilizungusha macho jikoni nikimtafuta. Kisha nikaelewa kwamba huyo mmoja ni mimi, na mdomo wangu ukajifungua wenyewe.

"Mama, niko hapa."

Aliruka. Aligeuka mwili mzima, si kichwa peke yake, maharagwe yakamwagika majivuni. Aliniangalia kama aliyeona mtu akitokea ukutani.

"Umeingia saa ngapi?"

"Tangu nitoke shule."

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Juzi?"

"Hapa tu. Kila siku nakuwanga hapa."

"Mbona hausemi?"

"Ulinikasirikia," nilisema, na hapo kilio kikaja. "Hauniangaliangi. Nilikuletea maziwa ukakataa."

"Maziwa gani?" Alinishika mikono yote miwili. "Mimi nilijua wewe ndiye umenikataa. Nilisema, mtoto ameona aibu na mimi, anaenda kushinda kwa watu. Sikukulaumu, mwanangu. Lakini sijawahi kukukasirikia hata siku moja."

Manyunyu yalikuwa yakipiga mabati. Kisha akaniambia nisogeze kigoda mbele yake, nikae uso kwa uso, niinue mkono.

"Sasa peleka kando. Polepole. Peleka. Peleka. Simama." Macho yake hayakuondoka usoni mwangu. "Hapo mkono umekatika. Siuoni tena. Leta ule mwingine."

Nilipeleka ule mwingine upande wa pili, na nao ukakatika mapema vilevile. Tulirudia mara nyingi, kama mchezo. Mama yangu alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kati ya milango miwili iliyokaribia kufungana, na kwa jinsi milango ile ilivyojifunga taratibu, hakuwa amejua. Alicheka kidogo. Halafu akalia, kwa sababu alikuwa amekumbuka kikombe, na salamu, na mengine ambayo hakunieleza.

Lazima nikiri jambo moja. Siku ile mama yangu alikuwa akipofuka, na mimi nilikuwa na furaha kuliko siku ya vigelegele. Hakuwa amenikasirikia. Niliokota maharagwe majivuni moja moja, na kila mara niliinua kichwa kuhakikisha niko mbele yake.

Baba aliomba ruhusa kazini akampeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari huyo alikuwa mwanamke kijana. Alimpitishia kidole kando ya macho, sawasawa na tulivyofanya jikoni, kisha akauliza swali ambalo mama hakulitarajia kwa daktari wa macho.

"Mama, uko na maziwa?"

Nilipokuwa mtu mzima mama aliniambia kwamba hapo alilia kabla ya kujibu. Huyo alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza habari za maziwa bila kutafuta mtoto nyuma yake.

Walimpeleka Nairobi, na mimi nikabaki na Kukhu wiki nyingi. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga bila kuzungumza, kila mmoja akiogopa la mwenzake. Baba aliporudi alituketisha. Alichukua punje ya njugu kwenye kikapu cha Kukhu akaiweka katikati ya macho yake, juu ya pua. Alisema huko nyuma, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo ambayo huamrisha mwili, na ya mama imeota uvimbe. Uvimbe huo ndio ulioamrisha maziwa yatoke bila mtoto. Ndio pia uliomfanya asipate mwingine baada yangu, na ulipokua ukaibana mishipa ya macho. Madaktari wangeupasua wakipitia puani, kisha awe anameza vidonge.

"Kwa hivyo hakuna mtoto," alisema Kukhu.

"Hakuna, mama. Hakukuwanga."

Kukhu alijifunga leso vizuri akatoka nje. Tulimsikia akifukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Nami nilikuwa nimesikia. Hakukuwa na mtoto hospitali. Mdogo wangu hakuwa amekasirika, hakuwa ameogopa mdomo wangu, hakuwa ameenda Lugari. Hakuwahi kuwepo. Usiku huo nililala katikati ya kitanda.

Mama alirudi amekonda, akinuka dawa. Jicho la kulia lilifunguka karibu lote. La kushoto lilibaki na ukuta wake mpaka kufa. Maziwa yalikauka kwa vidonge katika wiki chache, na nilipoona blauzi zake zikianikwa bila madoa nilijisikia kama mtu aliyefiwa, ingawa sikuwa na jina la kumlilia. Kwetu mgonjwa naye huletewa unga, lakini hakuna aliyeleta. Sidhani ilikuwa roho mbaya. Walikuwa wamesema mengi mno, na aibu humfanya mtu apite njia ndefu. Mama Jesca aliipita njia ndefu miaka mingi. Mama naye alitaka kulirudisha beseni, ila chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Nitaweka nini?" aliniambia nilipomuuliza. "Yeye alileta unga ya mtoto. Mimi nitarudisha unga ya nini?"

Basi likakaa uvunguni. Hakupata mtoto mwingine. Alimeza vidonge vyake kila jioni na chakula, na kila jioni vilimchafua roho. Tangu siku ya maharagwe alibadili jambo moja tu, na hakulibadili tena. Hakukubali nitembee kando yake wala nyuma yake. Kila tulipotoka langoni alinisukuma kidogo begani.

"Tangulia," alisema. "Nikuone."

Kwa hiyo nilikua nikiwa mbele. Nikienda kanisani mbele, sokoni mbele, na hata nilipokuja na mume wangu kumtambulisha, tulitangulia sote wawili naye akatufuata. Palipokuwa na mawe ya kuvukia kijito niligeuka nikamngoja, kwa sababu mawe yale ya kando hakuyaona vizuri, nikamnyooshea mkono mbele kabisa ya uso wake.

Jana nililiosha beseni. Nilinunua wimbi sokoni Khayega nikasaga, nikalijaza mpaka ukingoni, nikafunika kwa kitambaa cheupe. Mama Jesca bado yuko hai, mzee sana, ng'ambo ya kijito. Sikujua nitamwambia unga huu ni wa nini. Nilijitwika nikatoka langoni, nikashuka njia ile ya migomba, nikiwa mbele kama nilivyozoea. Nilipofika kwenye mawe niligeuka na kunyoosha mkono.

Nilingoja hivyo kwa muda, beseni kichwani. Kisha nikavuka.